Desemba Aliyoteremka Mektrida

Desemba ikifika, Mchagga aliyeko Dar, Mwanza au hata Tunduma hupanda nyumbani. Hiyo si sheria ya serikali wala amri ya Kanisa, lakini jaribu kuivunja uone. Barabara hujaa magari, mbuzi hupanda bei, nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa madirisha, na kwenye vihamba vya Kibosho, katikati ya migomba na kahawa, moshi hufuka tangu alfajiri. Watu husema wamekuja kupumzika, na kweli hupumzika. Hakuna anayeuliza moto unaotoa ule moshi unapulizwa na nani.

Kwa marehemu Melkior ulikuwa unapulizwa na mjane wake, Mektrida.

Mwanamke huyu alizaliwa Kirua Vunjo, akaolewa Kibosho akiwa binti wa kwaya mwenye sauti ya pili na mikono isiyojua kukaa bure. Alilima, akachuma kahawa, akakata ndizi na kuzishusha sokoni Moshi, akazaa watoto watatu na kuwasomesha, akamuuguza mume mpaka akamzika palepale kihambani, nyuma ya nyumba. Maji aliyajua ya aina moja tu, maji ya kubeba. Utotoni kwao msichana alikwenda mferejini na ndoo, na aliyeonekana anachezea maji alirudi nyumbani na alama za fimbo. Kwa hiyo mpaka anapata wajukuu, Mektrida hakuwahi kuingia kwenye maji yaliyomvuka magoti.

Wahenga wamesema mgeni njoo mwenyeji apone. Sijui walikuwa wanamsema mwenyeji gani. Huyu wa kwetu kila Desemba alipokea wageni nyumba nzima, na kila Januari alibaki kitandani na kiuno chake. Mtori ni yeye, supu ya kisusio ni yeye, pombe ya mbege ameipika yeye kabla hawajafika, shuka amefua yeye, na watoto wakiharisha kwa kula ovyo, anayeamka ni yeye. Mkwewe Monica, mke wa mwanawe Sylvanus, alimsaidia kumenya ndizi. Wengine walimsaidia kula.

Siku moja ya Krismasi walipiga picha ya ukoo bustanini. Mektrida alikuwa jikoni, amesinzia juu ya kigoda, mwiko mkononi. Mwaka uliofuata Sylvanus, kifungua mimba wake, alimletea zawadi ile picha imewekwa kwenye fremu kubwa, akaigongelea msumari mwenyewe pale sebuleni. Wote walipiga makofi. Picha ilikuwa nzuri, wote wamo, mpaka mbwa. Mektrida aliitazama kwa muda mrefu akisubiri mmoja wao, mmoja tu, aseme kuna mtu amekosekana. Walimwambia chai imepoa.

Hapo ndipo moyo wake ulipokataa. Usinielewe vibaya, hakuacha kuwapenda. Alikataa tu.

Alikuwa na marafiki wawili. Hadija alikuwa Mwislamu wa mjini Moshi, mwenye duka la nafaka na viungo karibu na soko, ambaye alianza kwa kumpa Mektrida mahali pa kuegesha mikungu yake na akaishia kuwa mtu wa kuambiwa siri. Yuditha alikuwa jirani wa Kibosho, nesi mstaafu, hakuwahi kuolewa, na aliyethubutu kumwonea huruma kwa hilo alijibiwa jibu la kumtosha mwaka. Hadija alikuwa na dada aliyeolewa Kilindoni, kisiwani Mafia. Dada huyo kila akipiga simu alisimulia habari za papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayesogea karibu na pwani yao miezi ya joto, na watu wanaingia majini kuogelea naye.

"Hali watu?" Mektrida aliuliza siku ya kwanza.

"Anakula vijidudu tu. Ana mdomo kama mlango wa duka langu, halafu hata dagaa zinamshinda," alisema Hadija. "Twende, Mama Sylvanus. Wallahi, mimi duka nawaachia mabinti."

"Twende lini?"

"Wewe sema."

"Desemba," alisema Mektrida.

Yuditha aliweka kikombe chini. Hadija alifikiri hakusikia vizuri.

"Desemba ndiyo wakati wao hao samaki, siyo? Na Desemba ndiyo ninapochoka. Mtu hupumzika wakati amechoka au anangoja uchovu uishe ndipo apumzike?"

Habari ilipofika Dar, Sylvanus alipiga simu usiku huohuo. Alikuwa mwana mwema, tuseme haki yake. Alimjengea mama nyumba ya tofali na kumlipia bima. Lakini kuna wema unaokulaza kwenye godoro zuri, kisha ukakuwashia jiko upike.

"Shikamoo mama. Nasikia mambo ya ajabu ajabu."

"Marahaba baba. Si ya ajabu. Naenda Mafia kutembea."

"Krismasi?"

"Krismasi."

"Mama, watu wote tunakuja kwa ajili yako! Wageni watapokelewa na nani? Si uende Februari?"

"Mnakuja kwa ajili yangu?"

"Sasa kwa ajili ya nani?"

"Basi mwaka huu njooni Mafia."

 Kwenye simu Mektrida alimsikia Monica akiuliza kwa sauti ya chini, "Amesemaje?" na hakusikia alivyojibiwa. Kisha Sylvanus akasema neno ambalo alilijutia baadaye, nadhani. Alisema, "Kama mama haupo, hakuna cha kutupandisha huko mlimani. Mwaka mwingine tusije tena." Mektrida alilala na neno hilo kama mtu aliyelala na jiwe chini ya mto. Angeweza kurudi nyuma pale. Mwanamke mwenye watoto hutishwa na kitu kimoja tu, na mwanawe alikuwa amekijua kilipo.

Asubuhi aliendelea kufunga mzigo. Wanawe na ukoo wakaona kitisho hakikutosha, wakamtuma Sifael.

Sifael alikuwa mdogo wa marehemu Melkior, msemaji wa ukoo, mtu mtaratibu mwenye koti la kahawia la kuendea vikao. Alikuja jioni akiwa amelivaa. Mkononi alishika jani la isale, limekunjwa na kufungwa fundo kama inavyotakiwa. Mtu wa mlimani hahitaji kuelezwa. Nakueleza wewe mgeni: isale hupandwa mipakani na makaburini, na jani lake ni kitu kizito. Aliyekosa humpelekea aliyekosewa, na aliyepelekewa hana njia, lazima asamehe. Watu wameacha kesi za mashamba kwa sababu ya jani hilo. Kulikataa ni kujitafutia laana.

Sifael alilinyoosha kwa mikono miwili. "Shemeji, nimekuja kwa niaba ya ukoo. Tunakuomba usiende."

 Mektrida alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini alikuwa pia binti wa mlimani, na macho yake yalipoliona jani, mikono ilitaka kunyanyuka yenyewe kulipokea. Akaikunja kifuani.

"Karibu ukae, shemeji. Kabla sijapokea, niulize. Isale linaletwa na nani?"

"Na mwenye kuomba."

"Linaletwa na aliyekosa. Mlinikosea nini?"

"Hakuna aliyekukosea. Tunakuomba tu."

"Fikiri vizuri. Mimi najua mlichonikosea, na nikikisikia kutoka kinywani mwako nitalipokea hilo jani sasa hivi, na mzigo nitaufungua mbele yako."

Sifael alifikiri. Alifikiri kwa dhati, masikini, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Aligeuza macho sebuleni, yakapita juu ya ile picha ukutani, yakaendelea mpaka mlangoni bila kusimama. Mwishowe akasema, "Shemeji, sioni."

"Basi hilo si isale. Hiyo ni kamba ya kufungia mbuzi."

"Ukoo utakuuliza."

"Waniulize. Mdomo ninao."

Hakumfukuza. Alimpa mbege, wakanywa, wakaongea habari za kahawa. Sifael alipoondoka alilitia jani ndani ya koti lake kwa aibu, na Mektrida alipofunga mlango alikaa chini akalia, kwa sababu kukataa kunachosha kuliko kupika.

Basi wakashuka. Mabasi ya kutoka Dar yalikuwa yanapanda yamejaa mpaka korido, na basi lao la kwenda Dar lilikuwa na viti vitupu, kila mtu amelalia cha mwenzake. Kondakta aliwauliza kama wana msiba. Yuditha alimjibu, "Tuna harusi. Tunaoa bahari." Walilala Dar kwa binamu ya Hadija, wakateremka mpaka bandari ya Nyamisati, wakapanda boti ya kwenda kisiwani, na humo ndani Hadija, ambaye safari nzima alijigamba kwamba babu zake walikuwa watu wa Tanga na bahari iko damuni mwake, alitapika kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Dada yake aliwapokea kwa wali wa nazi na pweza. Mektrida alikaa mkekani, akaletewa maji ya kunawa, akapakuliwa. Alipomaliza alinyanyuka na sahani yake, na dada mtu akamnyang'anya. Wakavutana kidogo pale, wanawake wawili na sahani moja, mpaka Mektrida akaiachia. Aliniambia kwamba katika safari yote hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Hakujua mikono aiweke wapi.

Siku iliyofuata walivushwa kwenda Chole, kisiwa kidogo kinachokaribiana na kile kikubwa, wakaona popo wakubwa kama kuku wamening'inia mchana kweupe juu ya miti, wanagombana kama abiria waliokosa siti. Yuditha, aliyezalisha wanawake usiku kwa taa ya chemli, alipiga kelele na kujifunika kanga. Mektrida alicheka mpaka akashika mbavu. Alishtuka kusikia kicheko chake mwenyewe, alikuwa hajakisikia siku nyingi.

Wa kuwapeleka kwa potwe alikuwa mwanamke wa makamo, Shida, mwenye mabega ya mpiga makasia na subira isiyoisha. Kwanza aliwalaza kwenye maji ya kiunoni, mmoja mmoja, mkono wake chini ya migongo yao. "Legeza shingo, mama. Maji hayashikwi. Yaache yakushike."

Mektrida hakulegea. Alikakamaa, akazama, akaibuka anakohoa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alisema kwa hasira, akiongea na bahari na si na Shida, "Nimekubeba kichwani tangu nina meno ya utoto. Na wewe nibebe!" Akajitupa chali. Bahari ikambeba. Alibaki anaelea, masikio ndani ya maji, akiliangalia anga, na kwa mara ya kwanza maishani hakumsikia mtu yeyote akimwita.

Siku ya Krismasi walisali asubuhi pamoja na Wakristo wachache waliokuwapo, Hadija akiwangojea nje kwa heshima, kisha wakapanda boti ya Shida. Walivaa majaketi okozi. Mektrida alivaa na suruali ndefu na fulana ya kina mama wa parokia, yenye picha ya Bikira Maria kifuani. Nahodha alizima injini. Shida akanyoosha kidole.

Mwanzoni Mektrida aliona kivuli. Kisha kivuli kikapata madoadoa meupe kama ya kanga wa porini, kikapata pezi, kikapita chini ya boti na kuendelea kupita, na kila alipodhani kimekwisha kilikuwa hakijakwisha. Yuditha alishika msalaba wake. Hadija alisoma dua zote alizozijua.

"Msimguse, msimkate njia, mkae ubavuni, mbali na mkia," alisema Shida. "Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Mektrida alikuwa amekaa ukingoni, miwani ya majini usoni, mrija mdomoni. Alikuwa anaogopa, na aliogopa kweli. Akautoa mrija ili aseme kwamba yeye ametosheka kuangalia. Ndipo simu ya Yuditha ikaita ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa Sylvanus, na Yuditha akamkabidhi Mektrida simu. Walikuwa wamepanda mlimani, wote, pamoja na vitisho vyao.

"Mama! Watu wamejaa hapa, wanakuulizia. Baba Paroko mwenyewe ameuliza. Nawaambia nini? Bibi mzima, una wajukuu, unatuaibisha. Uko wapi sasa hivi?"

"Waambie niko majini!" alifoka Mektrida. "Naogelea na samaki mkubwa kuliko nyumba yako! Waambie hivyo hivyo, na paroko mwambie!"

Akamrudishia Yuditha simu.  Hata nahodha alikuwa anamtazama.

"Sasa umemdanganya mtoto," alisema Yuditha. "Siku ya Krismasi, na komunyo umepokea."

Mektrida alimtazama rafiki yake, akautazama ule mgongo wenye madoa uliokuwa unarudi taratibu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameyavulia mbele ya ukoo mzima. "Yesu, Maria na Yosefu," alisema, akaurudisha mrija mdomoni, akajitosa.

Maji yalimfika shingoni. Shida alimshika mkono. Akaingiza uso majini akafumbua macho, na mbele yake, karibu kiasi kwamba angeweza kulihesabu kila doa, yule mnyama alikuwa anapita mdomo wazi, jicho dogo pembeni, bila haraka na bila kumjali. Alikuwa mzuri. Mektrida alipiga miguu kumfuata. Alimfuata mpaka Shida akamgeuza. Alipopandishwa botini alikuwa anacheka na kulia pamoja, makamasi yanamtoka, na alilosema ni moja tu: "Tena." Akaingia tena, na safari hiyo Hadija na Yuditha walimfuata, kwa sababu aibu nayo husukuma.

Walirudi Moshi siku chache kabla ya Mwaka Mpya. Mektrida alipanda Kibosho kwa bodaboda, ngozi ya pua inambanduka, na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alijiandaa kwa ugomvi. Alijua atakalomjibu Sifael, atakalomjibu Sylvanus, na hata la paroko alikuwa nalo.

Hakupata ugomvi. Wajukuu walimrukia na kumvua mkoba. Sifael alinyanyuka akampa mkono na kuuliza habari za samaki. Sylvanus alikuwa kwenye kiti chini ya mti wa parachichi, kata ya mbege mkononi, uso umeshiba.

"Karibu nyumbani mama. Nisamehe kwa yale maneno ya kwenye simu. Nilikuwa na hasira za bure. Mwakani ukitaka kwenda, nenda kwa amani, hatuna neno." Akatabasamu, kwa moyo safi kabisa. "Kwanza hatukukwama kokote. Monica ameweza kila kitu peke yake. Hata mtori, mama, kama wako."

Wote waliitikia kwamba ni kweli. Mektrida aliwatazama, na yale maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani. Alikuwa ameshinda. Ndivyo ilivyoonekana. Akazunguka nyuma ya nyumba mpaka jikoni.

Monica alikuwa amekaa juu ya kigoda, kitenge kiunoni, macho mekundu kwa moshi, mikono myeusi kwa utomvu wa ndizi. Alijaribu kunyanyuka.

"Shikamoo mama. Karibu. Samahani, chakula bado kidogo."

"Marahaba mwanangu. Umekwenda kumsalimia mama yako huko Rombo?"

"Bado. Wageni hawajakatika."

"Umepumzika lakini?"

Monica alicheka. Kisha kicheko kikamgeukia, akainamisha kichwa, na machozi yakadondoka kwenye maganda.

Mektrida alihisi hasira ambayo hakuwa nayo hata siku ya isale. Siku ile alijigombea mwenyewe, na mwanamke akijigombea mwenyewe huwa na nusu ya nguvu zake. Alimshika Monica mkono, akamnyanyua, akamtoa nje, moshi ukiwafuata, mpaka mbele ya viti vya wanaume.

"Mwakani naenda tena," alisema, "na Monica naenda naye. Na kesho asubuhi anakwenda Rombo kwa mama yake, atarudi akipenda."

Sylvanus alimtazama mkewe, akamtazama mama yake. Alikuwa kweli haelewi. "Sawa mama, lakini sasa... hapa atapika nani?"

Mektrida alifungua fundo la kitenge kiunoni mwa Monica. Kilikuwa kimelowa na kunuka moshi. Akakishika kwa mikono miwili, akaenda nacho hadi kwenye kiti cha mwanawe, akaipokea ile kata ya mbege kutoka mkononi mwake, na kitenge akamwekea magotini.

"Anza leo, baba," alisema. "Ndizi hazijaisha kumenywa."